Chango lililokataa mizizi

Kila mwezi mama mkwe alimchemshia mizizi. "Kunywa, mwanangu. Hilo ni chango, ukizaa litaisha." Alikunywa kwa heshima, kisha akajilaza na chupa ya maji ya moto tumboni.

Wanaishi Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, penye njia ya zamani ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wageni huja kuona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Kwa mwanamke huyu, miaka saba ya ndoa ilipita. Maumivu hayakuisha, mtoto hakuja. Hata tendo la ndoa lilimuumiza, na mume akaanza kudhani hapendwi.

Mwishowe walikwenda pamoja hospitali mjini. Baada ya maelezo na vipimo, daktari alisema huenda ni endometriosisi: vinyama vinavyofanana na utando wa ndani wa kizazi huota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Si uchawi wala laana.

"Hakuna dawa ya kuumaliza kabisa, ila hutulizwa," alisema. Zipo dawa za maumivu, kama ibuprofeni. Zipo homoni, kwa vidonge, sindano, vijiti au kitanzi chenye homoni. Hupunguza maumivu, lakini huzuia mimba wakati zinatumika. Upo upasuaji wa matundu madogo, unaofanyika katika hospitali kubwa. Huondoa vinyama hivyo na waweza kusaidia kupata mimba, ingawa huweza kuota tena.

"Sasa mnataka nini kwanza? Nafuu au mtoto?"

Mume alitaka kujibu. "Namuuliza mgonjwa," daktari akasema.

Hakuwahi kuulizwa. Alikaa kimya kidogo. "Nataka nilale usingizi kwanza. Mwaka mmoja tu. Halafu tutafute mtoto."

Alianza vidonge. Kazi ilikuwa kumweleza mama mkwe kwamba anameza dawa za uzazi wa mpango. Mume ndiye aliyesema: "Mama, hii ndiyo dawa ya lile chango."

Mama alinyamaza muda mrefu. "Na mimi niliumwa hivyo," alisema. "Nilizaa watoto watano, na halikuisha. Sikumwambia mtu."

Mwezi ule hakuchemsha mizizi. Alimpikia mkwewe uji.