Gari la Dizeli na Hewa ya Jirani



Juma hili tumeletewa swali ambalo kwa kawaida hupelekwa gereji, si ofisini kwa paroko. Mwenzetu mmoja, baba wa familia anayepandisha mbolea Mgeta na kushusha kabichi na karoti mjini, alinunua miaka michache iliyopita gari la dizeli lililokwisha kutumika Uingereza. Hivi karibuni fundi aliiingiza namba ya chasi kwenye kompyuta, akagundua kwamba gari hilo limo katika orodha ya magari ambayo mtengenezaji aliyataka yarudishwe karakana ili programu inayotawala moshi ibadilishwe, na kwamba halikuwahi kupelekwa. Ameambiwa kazi hiyo haina malipo. Fundi wa pili, ambaye gereji yake imetazamana na ya kwanza, alimshika mkono akamwonya asithubutu: gari litakosa nguvu mlimani, litakula mafuta, na vali ya EGR itakufa kabla ya mwaka kwisha. "Baba," alituuliza, "gari linavuta vizuri. Nikilipeleka likaharibika, watoto watakula nini?"

Jina la kampuni tunaliacha. Wala sisi si mafundi. Lakini swali hili lina historia ndefu inayojulikana, na wengi wenu mnaendesha magari ya namna hiyo bila kuijua.

Tarehe 18 Septemba 2015, mamlaka ya mazingira ya Marekani iliituhumu hadharani kampuni ya Volkswagen kwa kuweka ndani ya kompyuta za magari yake ya dizeli programu inayotambua kwamba gari linapimwa. Gari likiwa kwenye mashine ya kupimia, magurudumu yanazunguka lakini usukani haugeuki, na mwendo hufuata ratiba inayojulikana. Programu ikiziona dalili hizo, iliwasha mitambo yote ya kusafisha moshi. Gari likirudi barabarani, ililegeza usafishaji, na oksidi za nitrojeni zikatoka kwa kiasi kilichofika hadi mara 40 ya kile kilichoruhusiwa na sheria za huko. Waliofungua njia ya kugundua hila hiyo walikuwa watafiti wachache wa Chuo Kikuu cha West Virginia, ambao walifunga vifaa vya kupimia kwenye buti la gari na kuliendesha barabarani kama sisi tunavyoendesha. Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo, zaidi ya milioni 8 kati yake yakiwa Ulaya.

Hapo ndipo swali la ndugu yetu lilipoanzia, miaka mingi kabla gari lake halijavuka bahari. Marekani, kwa makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama mwezi Oktoba 2016, mwenye gari aliweza kulirudisha anunuliwe, au kusubiri marekebisho, na kwa vyovyote akapewa fidia. Ujerumani hakukuwa na hiari: aliyekataa marekebisho aliweza kuzuiwa kuliendesha gari lake barabarani. Uingereza ilikuwa ni hiari, na ndiyo sababu magari mengine yaliuzwa na kusafirishwa yakiwa hayajaguswa. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilikubali kuwalipa wamiliki wapatao 91,000 wa Uingereza na Wales pauni milioni 193 ili kumaliza kesi yao. Tutafakari jambo hilo kidogo. Fidia inaweza kuwa ilibaki kwa mmiliki wa kwanza kule, na gari likaja kwetu na moshi wake.

Marekebisho yenyewe ni kitu gani? Kwa injini ya lita 2.0 yalikuwa ni kubadilisha programu tu, kazi ya nusu saa hivi. Kwa injini ya lita 1.6 iliongezwa pia bomba dogo la plastiki lenye wavu, mbele ya kifaa kinachopima hewa inayoingia, ili hewa itulie na kipimo kiwe sahihi. Wenye magari waliokwisha kushuhudia udanganyifu walishtuka kuambiwa kwamba dhambi kubwa kiasi kile inafutwa kwa nusu saa. Shaka yao haikuwa ya kipuuzi. Ili oksidi za nitrojeni zipungue, sehemu ya moshi hurudishwa ndani ya injini kupitia vali ya EGR, uwako upoe. Uwako ukipoa, masizi huongezeka. Masizi yakiongezeka, vali huchafuka na chujio la eksozi hujaa upesi zaidi. Baada ya marekebisho, watu wengi wa Ulaya walilalamikia vali zilizoganda na magari yaliyopoteza nguvu ghafla. Kampuni ilikanusha kwamba marekebisho ndiyo chanzo, hata hivyo ikaahidi kushughulikia malalamiko kuhusu baadhi ya vipuri kwa miezi 24. Kwa hiyo fundi yule wa pili hakutunga uongo. Alikuwa na sehemu ya ukweli, ingawa tunafahamu pia kwamba yeye hujipatia riziki kwa kutoboa masega na kuziba vali hizo hizo.

Sasa tunafika mahali ambapo milima yetu ya Uluguru inaingia katika kesi ya Ulaya. Tarehe 14 Julai 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu katika mashauri matatu yaliyotoka Austria, nchi ya milima kama Mgeta. Ilibainika kwamba programu mpya, ile ile iliyoletwa kama dawa, ilisafisha moshi kikamilifu pale tu joto la nje lilipokuwa kati ya nyuzi 15 na 33, na pale gari lilipokuwa chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Nje ya mipaka hiyo usafishaji ulipungua hatua kwa hatua mpaka kukoma. Mahakama ilisema kwamba kifaa cha namna hiyo kimekatazwa, isipokuwa kama kinahitajika kabisa ili kuepusha hatari ya papo kwa papo ya uharibifu unaoweza kuleta ajali; na kwamba hata sababu hiyo haikubaliki ikiwa kifaa kinafanya kazi sehemu kubwa ya mwaka. Tayari mwezi Desemba 2020 Mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekataa hoja kwamba kuilinda injini isichakae au isichafuke ni sababu ya kutosha.

Ichoreni sasa safari ya ndugu yetu. Anaondoka mjini Morogoro, karibu mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, asubuhi yenye joto la wastani. Kama gari lake lingepewa programu ya namba hiyo, lingesafisha moshi wake vizuri kupita Msamvu na Mzumbe. Likianza kupanda kuelekea Nyandira, likavuka mita 1,000, usafishaji ungeanza kulegea; na kule juu kwenye matuta ya mboga, hasa asubuhi za Juni na Julai ambapo watu huvaa makoti, ungekuwa umezimika. Akishuka mjini mchana wa Januari, jua likiwa kali kupita nyuzi 33, ungelegea tena. Yaani gari lingekuwa na adabu chini na kuisahau juu. Hatuwezi kumwambia muumini kwamba tiba ya jinsi hiyo ni urejesho kamili wa haki. Wala kampuni yoyote haina ruhusa ya kumwambia hivyo.

Je, basi aikatae? Hapa tunatofautiana na fundi.

Kwanza, tuulize ni nani anayevuta moshi huo, na wapi. Wingi wa watu uko chini. Uko Msamvu, ambako mabasi ya kwenda Dodoma na Iringa hupishana na malori ya masafa marefu, na akina mama huketi toka alfajiri na beseni za matunda, usawa wa eksozi. Uko Kihonda na Mwembesongo, katika shule zilizo kando ya barabara. Oksidi za nitrojeni hazionekani kama moshi mweusi; huwasha mapafu, humwongezea shida mwenye pumu, na zikikutana na jua huzaa ozoni na vumbi laini lisiloonekana kwa macho. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2017 ulikadiria kwamba ziada ya gesi hizi kutoka magari ya dizeli, juu ya viwango vya kisheria, ilihusika na vifo vya mapema 38,000 katika mwaka 2015 pekee, ndani ya masoko makubwa ya magari yaliyochunguzwa. Marekebisho yanayofanya kazi mjini tu, kwa mji wetu uliolala bondeni chini ya mlima, bado yana uzito.

Pili ni suala la dhamiri, na hapa mafunzo ya seminari yanatusaidia. Mwenye gari hakudanganya mtu. Alidanganywa, na pengine akauziwa kwa bei ya gari safi. Wajibu wa kurekebisha unamwangukia kwanza aliyetenda udhalimu. Mwezi Mei 2025 mahakama ya Braunschweig, Ujerumani, iliwatia hatiani mameneja wanne wa zamani wa kampuni hiyo, na wawili kati yao wakahukumiwa kifungo. Lakini mtu aliyeibiwa akapewa bidhaa inayomdhuru jirani, akishajua, hawezi kuendelea kana kwamba hajui. Kujua kunabadilisha hali. Hatusemi kwamba anatenda dhambi ya mauti kila anapowasha injini, maana tunawafahamu baadhi yenu kwa wasiwasi wa dhamiri. Tunasema kwamba nafasi ya kupunguza madhara, bila gharama ya fedha, imewekwa mlangoni kwake.

Atasema, kama wengi watakavyosema: "Mbele yangu kuna Fuso inatoa wingu jeusi kama mkaa wa Matombo, na hakuna aliyeiita karakana." Ni kweli, na hoja hiyo inatuuma. Injini kuukuu za dizeli zisizo na kompyuta wala chujio hazimo kwenye orodha ya mtengenezaji yeyote, kwa sababu hazikuahidi kitu. Trafiki akikagua gari, huangalia breki, taa na matairi. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007. Kuzitekeleza barabarani ni kazi ya serikali, nasi tunayo haki ya kuidai. Hata hivyo, moshi wa Fuso hauupunguzi wa kwetu. Unajumlishwa.

Wala tusidhani kwamba hila ni ya Wajerumani peke yao. Mwezi Machi 2022 Hino ilikiri kughushi takwimu za moshi na za matumizi ya mafuta. Mwezi Januari 2024 Toyota ilitangaza kwamba upimaji wa nguvu wa injini tatu za dizeli zinazotengenezwa na Toyota Industries ulifanywa kwa kompyuta yenye programu tofauti na ile inayofungwa kwenye magari yanayouzwa. Injini hizo zimo katika Hilux, Hiace na Land Cruiser 300, magari ambayo nusu ya jimbo letu hulitegemea, mapadre wakiwemo! Kampuni ilisema magari yaliyokwisha uzwa yanakidhi viwango na hakuna haja ya kuacha kuyaendesha. Tunalitaja hili ili mwenye Hilux asimcheke mwenye gari la Mjerumani.

Tulimshauri ndugu yetu hivi. Akubali, lakini asikubali kwa macho yaliyofumbwa. Kazi ifanywe na wakala anayetambuliwa na mtengenezaji, si kijana mwenye kompyuta mpakato chini ya mwembe. Kabla ya kukabidhi ufunguo, aombe kwa maandishi maelezo ya kitakachobadilishwa, na ahadi ya nani atagharimia vali ya EGR ikiharibika baadaye. Wakikataa kuandika, arudi nyumbani na gari lake, na hatutamlaumu hata kidogo. Kabla ya kulipeleka, ajaze tangi, apande Nyandira na kurudi, aandike lita alizotumia na mzigo aliobeba. Baada ya marekebisho arudie safari hiyo hiyo. Malalamiko yenye tarakimu husikilizwa kuliko malalamiko yenye hasira. Atumie dizeli ya kituo anachokiamini: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubaliana kushusha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni tangu 2015, wakati injini hizi zilibuniwa kwa mafuta yenye salfa sehemu 10, kwa hiyo mafuta ya madumu ya kando ya barabara ni adui wa chujio. Katika hilo mlima ni rafiki yake, maana injini ikivuta mzigo kwa muda mrefu, eksozi hupata joto la kuchoma masizi. Mizunguko mifupi ya sokoni ndiyo inayolijaza.

Na likijaa, asimpe yule fundi wa pili ruhusa ya kulitoboa. Tuna magari kadhaa kwenye maegesho ya kanisa letu kila Dominika yaliyokwisha fanyiwa hivyo, na tunayatambua kwa harufu kabla ya masomo kuanza.

Mwenzetu ameahidi kutuletea karatasi ya wakala tuisome pamoja kabla ya kuitia saini. Wengine wenye magari ya dizeli yaliyotoka Ulaya, iandikeni namba ya chasi na kuifikisha ofisini baada ya Misa ya pili. Kijana wetu wa utume wa mawasiliano atawasaidia kuitafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji. Hakuna malipo, ila msimletee namba za pikipiki.