Nia ya Misa ya Mjomba



Ndugu msomaji, katika mwezi huu wa Novemba, Kanisa linapotualika kuwaombea marehemu, naomba nikusimulie habari za mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Alikuwa rubani wa ndege za kivita katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Tulimzika nyumbani kwetu Ukerewe. Askari walipiga risasi za heshima, na nishani zake ziliwekwa juu ya mto mdogo mwekundu mbele ya jeneza. Mimi ndimi niliyesoma wasifu wake. Kuna jambo moja niliogopa kulisoma siku ile, nalo ndilo linalonifanya niandike leo.

Nilipokuwa mtoto, Mjomba alikuwa amekwisha kustaafu. Alilima mihogo na machungwa, na jioni alikaa nje akisikiliza redio. Nishani zake hazikuwa ukutani. Zilikuwa ndani ya kopo la maziwa, juu ya kabati, pamoja na rozari ya bibi. Siku moja nilizichukua kwa siri, nikazibandika kwenye shati langu la shule, nikatamba nazo darasani. Niliporudi nilijua nitachapwa. Mjomba alinivua moja moja, akazipangusa, akasema, "Mjomba wangu, hizi hazichezewi. Zina watu ndani yake." Sikuelewa. Nilidhani anawasema wenzake waliokufa vitani.

Habari za vita vile wengi tunazijua. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera. Watu waliuawa, ng'ombe wakachukuliwa, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutapigana tarehe 2 Novemba 1978. Wakatoliki tunaijua tarehe hiyo: ni siku ya Marehemu Wote. Mjomba alikuwa kijana aliyerudi kutoka China, alikojifunza urubani. Alikwenda, akaruka juu ya Kagera na ndani ya Uganda, na Aprili 11, 1979 Kampala ilipoanguka alikuwa hai.

Nikiwa darasa la tano, tukiwa mezani, nilimwuliza, "Mjomba, uliua watu wangapi?" Mama alinikata jicho. Mjomba alinawa mikono, akatoka nje, na ugali wake ukapoa. Hadi leo nikikumbuka swali lile naona aibu.

Kisa cha vita alichokubali kusimulia kilikuwa kimoja tu. Machi 1979 ndege kubwa ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitumwa kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza. Mabomu yake yaliyakosa matangi, yakaangukia kisiwa cha Saanane kilichokuwa na wanyama, yakaua swala. Watu wa Mwanza hukisimulia kisa hiki wakicheka, na Mjomba naye alikuwa akianza kwa kucheka. Lakini mwishoni alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Rubani yule alirudi kwao akaripoti kwamba amepiga. Na mimi je? Askari wa miguu humwona anayempiga. Rubani huona moshi, kisha hurudi kambini kunywa chai."

Niliingia seminari, na katika masomo ya maadili tukafika kwenye somo la vita. Nilifurahi sana. Nilisoma namba 79 ya Gaudium et Spes, ambapo Mtaguso wa Pili wa Vatikano unafundisha kwamba askari anayetimiza wajibu wake kwa haki ni mtumishi wa usalama na uhuru wa mataifa. Nilisoma pia namba 80, inayolaani maangamizi ya miji mizima bila kubagua. Likizo ilipofika nilipanda kivuko nikiwa nimebeba jibu. Nilidhani ninampelekea Mjomba dawa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza kila mtu. Kisha akasema, "Asante, Frateri. Kanisa linaniambia kwamba nilipaswa kwenda. Hilo nalijua. Wangerudi tena kesho ningekwenda tena, nikiwa na nguvu. Lakini mimi sijauliza kama nilikosea kwenda. Ninachouliza ni nani anawaombea wale."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimesoma juu ya haki ya kupigana, sikuwa nimefikiri hata mara moja juu ya mtu aliyekuwa chini ya ndege.

Usiku wa mkesha wa mazishi yake, paroko aliniita ofisini akanifungulia daftari la nia za Misa. Akanionyesha ukurasa wa Novemba, kisha wa mwaka uliotangulia, na wa mwaka uliotangulia huo. Kila mwaka, tarehe 2 Novemba, palikuwa na sadaka ya mzee wetu na nia ileile: "Kwa ajili ya niliowapita juu." Hakuandika majina kwa sababu hakuyajua. Walikuwamo Waganda, na Walibya pia. Wakristo na Waislamu. Askari, na labda mama aliyekuwa akichota maji. Mara ya mwisho mwandiko ulikuwa wa katekista, kwa kuwa mikono ya Mjomba ilikwisha kuanza kutetemeka.

Kesho yake nilisimama mbele ya maofisa wa jeshi, ndugu na waamini. Nilitaja China, nikataja Kagera, nikazitaja nishani moja baada ya nyingine. Nia ile sikuitaja. Niliogopa wataona namvunjia heshima shujaa, au kwamba alijutia kuitetea nchi yake. Sasa naona nilikosea. Hakuijutia nchi yake. Aliipokea nishani kutoka kwa taifa kwa mikono miwili, kisha akambebea Mungu upande wake wa pili, ule usioandikwa kwenye hati.

Mjomba aliwahi kuniuliza kama najua kwamba kila Misa, kabla ya Komunyo, tunasema maneno ya mwanajeshi. Kweli, ni maneno ya akida wa Kafarnaumu, mkuu wa askari mia, aliyemwambia Bwana kwamba hastahili aingie chini ya dari yake. Nilikuwa nimeyasema tangu utotoni bila kufikiri ni ya nani. Mjomba aliyasema akiwa ameinamisha kichwa, taratibu kuliko kanisa zima, kiasi kwamba alimaliza peke yake. Watoto tulimcheka. Leo najua alikuwa hasemi kwa niaba yake tu.

Wenzangu mafrateri, siku moja tutawasikiliza askari, polisi, madaktari na madereva, watu waliofanya kazi halali na bado hawalali usiku. Tusiwe wepesi kuwapa namba ya hati na kuwaaga. Nanyi waamini, mwezi huu mnapoandika majina ya marehemu wenu kwenye bahasha, acheni mstari mmoja kwa ajili ya asiye wenu, hata aliyekuwa adui.

Mwaka huu nilituma sadaka parokiani kwetu mapema. Niliandika jina la Mjomba, na chini yake, kwa mwandiko wangu, nikaandika nia yake kama alivyoizoea. Nitaendelea kuiandika hadi siku nitakayojaliwa, Mungu akipenda, kuipeleka mwenyewe altareni.

Apumzike kwa amani, yeye na wale aliowapita juu. Amina.