Kabla Hujapakia Gunia, Kagua Breki



Leo naweka pembeni mbolea na viuatilifu. Nataka nikusimulie kosa langu mwenyewe, huenda likakusaidia.

Huku Lushoto, baadhi ya mazao hutoka shambani kichwani au kwa baiskeli kabla ya kufika barabara kubwa. Nami huwatembelea wakulima kwa baiskeli ya gia. Msimu mmoja wa mvua, waya wa breki ya mbele ulikatika. Nilifunga mpya mwenyewe. Spana sikuwa nayo, nikakaza kwa koleo. Raba za nyuma zilikuwa zimeisha; nilijua, nikasema nitabadilisha wiki ijayo.

Siku ya pili nilikuwa nateremka na mbegu za viazi kwenye keria. Nikabana breki, waya ukachomoka. Mbele yangu mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa anavuka njia. Nikaelekeza baiskeli kwenye ukingo wa udongo. Yule mama hakuguswa. Mimi nilivunjika mkono. Mpaka leo nikimwona sokoni hunijia aibu, kwa kuwa spana niliyoikosa ni kitu kidogo sana.

Kwa hiyo, ukiwa na fedha kidogo, anza na haya:

1. Spana. Baiskeli nyingi za gia zenye breki za kubana ringi hufungwa kwa spana ya umbo la L, milimita 5. Zenye nati, nyingi hutumia namba 10. Pima kwanza kwenye baiskeli yako. Koleo huliachia kukata waya. Kwenye nati hula pembe na haikazi.

2. Waya. Wa breki ni mnene kuliko wa gia. Usikubali kuuziwa wa gia ufanye kazi ya breki. Kichwa chake kikae sawasawa kwenye tundu la mkono wa breki.

3. Raba. Nenda dukani na ile ya zamani ulinganishe. Mifereji ikifutika, badilisha. Raba iguse ringi tu. Ikigusa tairi, italikata.

4. Mafuta. Ni ya mnyororo. Yasifike kwenye ringi wala raba.

Ukishafunga, simama na ubane kwa nguvu zote mara kumi. Waya ukiteleza hata kidogo, kaza upya. Kisha jaribu mahali tambarare, kwanza bila mzigo, halafu na mzigo. Mvua ikinyesha, breki hushika kwa kuchelewa, hasa kwenye ringi za chuma. Mteremko ukiwa mkali, shuka usukume.

Nawe mwenye duka, tenganisha waya za breki na za gia, umwambie mteja tofauti yake. Anayeteremka na gunia anategemea neno lako.

Nakutakia safari njema ya gulioni.