Sehemu ya 6: Siku 45 za mjomba

Baada ya sehemu ya 5 wengi mmeniandikia: "Nesi, hukumu ilitoka nikiwa naumwa, muda wa rufaa umepita, basi tena." Hapana, siyo basi tena. Ila ugonjwa peke yake haukuokoi, na leo nakueleza kwa nini, kwa kutumia kesi ya mjomba wangu. Mwenyewe ameniruhusu, jina na mahali tunaviacha.

Hesabu kwanza. Ukishindwa kesi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Zikipita, usikimbilie kufungua rufaa hivyo hivyo, itatupwa. Unaanza na ombi la kuongezewa muda, linaambatana na hati ya kiapo inayoeleza kwa nini umechelewa. Mahakama inaweza kukukubalia ukionyesha sababu ya msingi. Inaweza, sikusema lazima.

Mjomba alishindwa kesi ya shamba tarehe 3 Machi. Siku yake ya mwisho ilikuwa 17 Aprili. Tarehe 11 Machi akaanguka na bodaboda, mfupa wa paja ukavunjika. Walioko wodi za mifupa wanajua kinachofuata pale ambapo upasuaji haukufanyika: mguu unavutwa kwa uzito, mgonjwa analala chali kama wiki 6. Hageuki, haja zote hapo hapo kitandani. Akaruhusiwa 25 Aprili, muda umeshapita siku 8.

Kwenye ukoo wetu mimi ndiye nesi, kwa hiyo simu zote za hospitali zinakuja kwangu, hata za mbuzi. Hii nayo ikaja. Ombi lilipofunguliwa ilikuwa Jumatatu tarehe 15 Mei, siku 28 nje ya muda.

Sasa sikia. Wote tuliona wiki 6 za kitandani ndiyo hoja yenyewe. Kijana wa msaada wa kisheria aliyetusaidia akasema hizo hazina shida, zina faili. Shida ni kuanzia 25 Aprili hadi 15 Mei. Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye kesi ya Bushiri Hassan dhidi ya Latifa Lukio Mashayo kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo. Na kwenye ile ya Lyamuya Construction, ambayo mawakili wanaitaja kila siku, inaangaliwa kama umeeleza kipindi chote, kama ucheleweshaji umepita kiasi, kama ulikuwa na bidii au ulizembea, na kama kuna jambo lingine zito, mfano uharamu kwenye hukumu yenyewe.

Nikaenda kuangalia karatasi ya ruhusa. Imeandikwa "TCA 2/52". Sisi tunaelewa: arudi baada ya wiki 2. Jaji ataelewaje? Hakuna neno kuhusu magongo, hakuna kwamba asikanyagie mguu, hakuna kupumzika. Ukisoma pale unaona mtu aliyepona na kwenda nyumbani. Wenzangu wauguzi na madaktari, tunaandika kwa haraka kwa sababu wodi imejaa, naelewa. Lakini karatasi ile mgonjwa anaenda nayo mbali kuliko tunavyofikiri.

Ndugu mmoja akaja na ushauri wake: "Wewe si uko huko huko, badilisha tu tarehe ya ruhusa iwe 12 Mei." Nikakataa, na sikukataa kwa upole. Kitabu cha wodi kina 25, risiti ya malipo ina 25, kitanda kile kilipokea mgonjwa mwingine siku hiyo hiyo. Upande wa pili wakiomba faili tu, mjomba amesema uongo chini ya kiapo, na shamba limekwenda na heshima yake.

Tulichofanya ni kumwomba daktari aliyemhudumia aandike barua kutokana na faili lilivyo: alilazwa lini, aliruhusiwa lini, alitoka na magongo akikatazwa kukanyagia mguu, alirudi kliniki 9 Mei. Hapo wiki 2 zikapata maelezo. Zikabaki siku 6, na hizo ndizo zilizoninyima usingizi. Tarehe 10 alibebwa kwenda msaada wa kisheria, 11 karatasi ziliandaliwa, Ijumaa 12 akala kiapo, 13 na 14 ni wikiendi, 15 ombi likafunguliwa. Ziliandikwa zote, moja moja. Mke wake naye alikula kiapo chake, kwa sababu alitajwa kama aliyemuuguza, na ukimtaja mtu bila kiapo chake yanakuwa maneno ya kusikia.

Wajibu maombi walikuja na hoja nzuri, lazima niseme ukweli. Hospitali siyo gereza, mgonjwa alikuwa na simu na watoto wakubwa, angemtuma mtu. Jibu letu lilikuwa kwamba mwenye kesi ndiye anayetoa maelekezo na kula kiapo, na yule mtu alikuwa amelala chali kwenye dawa za maumivu.

Siku ya kusikilizwa mjomba akaanza kueleza mwembe aliopanda marehemu babu na mpaka ulipopita. Jaji akamkatiza taratibu: hayo ni ya rufaa, leo tunazungumzia siku tu. Aliumia sana. Kwake kesi nzima ni ule mwembe.

Uamuzi ukatoka, akaongezewa siku 21. Rufaa tulifungua siku ya 4. Bado haijasikilizwa, na kufungua rufaa hakuzuii hukumu kutekelezwa, hilo lina ombi lake la kusimamisha. Tumeshalipeleka.

Dada uliyeuliza kuhusu kaka yako aliyefungwa, kule ni tofauti: siku 10 za kutoa kusudio la rufaa, kisha siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe, na anaweza kupitia ofisi ya gereza. Kama alikuwa amelazwa, anza leo kutafuta faili lake.