Kitako cha Mashine ya Salfa

Msimu wa kupulizia ukikaribia, sisi mafundi bati wa Nachingwea na Ruangwa hatupumui. Mashine za salfa zinaletwa zikiwa zimevunjika palepale: kitako kinachobeba injini. Mashine hukaa mgongoni, tangi limejaa unga, injini inatetema, na mikorosho ikianza kutoa maua mpuliziaji huzunguka nayo shambani tangu alfajiri, kabla upepo haujaamka, kupambana na ugonjwa wa ubwiriunga.

Neno la kwanza la mteja: “Fundi, niwekee chuma kinene.” Hapo tunabishana. Kipande cha chuma cha milimita 3, sentimita 30 kwa 30, ni kilo 2 na ushei. Cha alumini cha milimita 1.5 hakifiki nusu kilo, hata ukikiongezea kingo za kukunja. Tofauti hiyo anaibeba yeye, si mimi.

Kweli, alumini bapa ya unene huo inapinda kwa mkono. Ikunje kingo mbili za sentimita 2 kwenda chini, ujaribu tena: mkono hauiwezi. Bati likisimama wima ndipo linapogoma. Kabla ya kukunja natoboa kitundu kwa keekee pale mikunjo miwili inapokutana, la sivyo ufa huanzia hapo na mtetemo huumalizia. Kona kali pia siitaki. Nakunjia juu ya nondo nyembamba ili mkunjo uwe na mviringo, kwani alumini ngumu hupasuka upande wa nje. Kisha nafunga kwa ribiti. Kuchomelea bati jembamba ni kulitoboa tu.

Waunda setilaiti nao wanahangaika na hayohayo. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu Mei 2018, ilikuwa kisanduku cha sentimita 10 kila upande. Ilibidi ihimili mtikisiko wa roketi, na huko kila gramu inayopanda inalipiwa. Nati ikilegea, hakuna fundi wa kuikaza.

Ila wao hawana salfa. Unga huo ukilowa umande hula chuma, na boliti ya chuma ikigusana na alumini penye unyevu, inayoliwa ni alumini. Kwa hiyo nakata raba kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, naiweka chini ya kichwa cha boliti na kuzunguka shina lake. Inapunguza na mtetemo kidogo. Mteja namwambia akaze nati upya baada ya siku chache za kazi, maana raba hulala.