Chama cha Mtu, Chama cha Maji

Nilipotea kidogo, majaribio yamenibana na bumu ndo hivyo tena, halieleweki. Leo tuongee siasa kidogo.

Jana usiku mwenzangu wa chumba, mtu wa Handeni, aliwaka kwelikweli. Eti vyama vyote porojo tu, kwao wanataka Chama cha Maji. Sera moja: maji yatoke bombani, basi. Mimi mtu wa Korogwe nikamwambia, kaka, Mto Pangani unapita kwetu, hayo maji mtayachota bila kuongea na sisi? Pampu inataka umeme, umeme unataka bajeti, na misitu ya Usambara ikiisha mto nao unapungua maji. Sasa mbunge wako akiulizwa bei ya mkonge au mikopo yetu hii atasema yeye ni wa maji tu? Na siku maji yakitoka, chama kinafunga duka?

Akanijibu: "Basi tupate mtu jasiri, tumfuate."

Hapo nikamkumbuka mjomba. Ana kadi tatu ndani ya sanduku: CCM, NCCR-Mageuzi na TLP. Zote kwa ajili ya mtu mmoja, Augustine Mrema. Mwaka 1995 Mrema alihama CCM, akagombea urais kwa NCCR, akapata karibu asilimia 28. Chama kikavuna majimbo 16. Ukaja ugomvi wa viongozi, 1999 akaenda TLP. Uchaguzi wa 2000 NCCR ikabaki na jimbo moja, na yeye hakufika hata asilimia 8. Mwaka 2005 hakufika asilimia 1! Kule Zanzibar nako, Maalim Seif alipotoka CUF kwenda ACT-Wazalendo Machi 2019, ofisi zilibadilishwa rangi ndani ya siku chache.

Tusiwalaumu watu peke yao lakini. Katiba yetu inataka mgombea adhaminiwe na chama, mgombea binafsi hakuna. Kwa hiyo mtu mwenye jina anaazima chama kama koti la harusi, sherehe ikiisha analirudisha limechanika. Na kweli, bila jina kubwa watu kijijini hawaji mkutanoni.

Ila anayeumia ni mjomba. Kiongozi akihama anapata jukwaa jipya, mjomba anabaki na kadi na maneno ya majirani. Siku hizi hapigi kura kabisa. Hilo ndo linaloniuma.

Mi nasema chama kipimwe hivi: mwenyekiti akiondoka leo, kesho asubuhi nani anafungua ofisi ya kata?

Jamaa akanyamaza, halafu akasema: "Sawa msomi, ila mama yangu kesho anaamkia foleni ya ndoo. Yeye amchague nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. We ungemjibuje? Ngoja niwahi kipindi, tutaonana.