Uwani kwa Mabibi wa Vilombo

Neno uwani halihitaji kuelezwa kwa aliyelelewa katika nyumba ya pwani. Ni nyuma ya nyumba, penye meko na miche michache ndani ya makopo, na penye mamlaka ya mama. Juma hili tunawachukua hadi uwani wa mbali, katika bonde la mto Ribeira, kusini mwa jimbo la São Paulo nchini Brazil. Huko, katika vijiji viitwavyo vilombo, wanawake wenye asili ya Afrika hupanda nyuma ya nyumba zao yale waliyoyapanda bibi zao.

Jina lenyewe lilivuka bahari. Kilombo ni neno la Kimbundu, lugha ya Angola, na maana yake ni kambi. Kule Brazil likawa jina la makao ya watumwa waliotoroka, kisha la jamii zote za weusi zilizojilimia mbali na mabwana. Katika bonde hili Waafrika waliletwa kuchimba dhahabu. Dhahabu ilipopungua na wenye machimbo kuondoka, wao walisalia kando ya mto, wakapanda mpunga, mihogo, mahindi na maharage. Utumwa ulifutwa kisheria tarehe 13 Mei 1888, lakini hapana aliyewapa hati ya ardhi. Iliwabidi kuingoja katiba ya 1988 iitambue haki yao, na hata leo vijiji vingi vingali vinazingoja hati hizo. Sensa ya 2022, ya kwanza kuwahesabu kwa jina lao, iliwakuta ni zaidi ya milioni 1.3 katika nchi nzima.

Shamba la mpunga huwa msituni, nalo huhamishwa ardhi inapochoka. Kazi yake ni ya jamaa wote. Uwani ni mahali pa mwanamke. Pana migomba na michungwa, kuku wanaochakura, mboga zilizozungushiwa uzio ili kuku hao wasizifikie, na karibu na jikoni pana mimea ya dawa, kama mchaichai na mnanaa. Mama wa Lamu au wa Vanga asingehitaji mkalimani mbele ya miche hiyo. Hata mbaazi hupandwa Brazil. Huitwa guandu, jina lenye asili ya Kikongo. (Nazi pia wanazo, ila mapishi yao hatuyadhamini.)

Elimu ya uwani haina kitabu. Msichana hutumwa: kachume jani lile, si hili; chukua machanga, acha yaliyokomaa. Hujifunza kwa kutumwa na kwa kukosolewa, mpaka siku moja akatumwa na asiulize. Huoneshwa hindi lipi la kuliwa na lipi la kuhifadhiwa mbegu. Miche nayo hupeanwa baina ya majirani na jamaa, hata bustani ikawa kama daftari la ukoo: huu ulitoka kwa shangazi, huu kwa mama mkwe. Kaskazini, katika jimbo la Maranhão, wazee husimulia kuwa mpunga ulifika kwa mwanamke wa Kiafrika aliyezificha punje ndani ya nywele zake. Wanahistoria na wabishane wapendavyo. Sisi tunatazama ni nani aliyekabidhiwa amana katika kisa hicho.

Amana hii ina hatari yake. Mbegu isiyopandwa hufa. Sheria za kulinda msitu ziliwataka wanakijiji waombe kibali kabla ya kufyeka shamba, na kibali kilichochelewa kilikuta msimu umepita. Ndivyo zilivyopotea aina kadhaa za mbegu, na vijana nao wakashika njia ya mjini. Tunaona ajabu kwamba waliokaa ndani ya msitu kwa vizazi na kuuacha umesimama ndio waliowekewa masharti mazito kama kwamba ni wao waliouteketeza kwingineko.

Mwaka 2018 taasisi ya taifa ya turathi iliutambua ukulima wa vilombo vya Ribeira kuwa urithi wa Brazil. Kabla ya hapo wenyewe walikwisha kuanzisha soko la kubadilishana mbegu na miche katika mji wa Eldorado. Aliyepoteza mpunga wa bibi yake huweza kuupata kwa mwanamke wa kijiji cha pili, akaufunga katika kitambaa pamoja na maelezo ya kuupanda, akarudi nao nyumbani.